Filta Iliyokataa Kukauka Siku ya Mavuno

Jamani, mkasa huu mke wangu anausimulia vizuri kuliko mimi, lakini yeye anaongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, tunakaa Nyakahanga, mke wangu ana mtoto wetu wa kwanza wa siku arobaini, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Igurwa kumtunza. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ukimwamkia "Shikamoo, mama" unajikuta umeshavua kofia bila kujijua. Jumapili ile kanisani kwao ilikuwa siku ya mavuno, nami nikaahidi kumrudisha kwa pikapu yangu (kuukuu, ndiyo, lakini yangu).

Sasa binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka Bukoba filta ya hewa ya kujifungia mwenyewe, si ile ya karatasi iliyokuja na gari, hii ya sponji, akaniambia haitupwi, inaoshwa na kurudishwa. Asubuhi ile, badala ya kuiacha na vumbi lake, nikataka mama mkwe aone gari linavyopanda mlima likiwa safi mpaka mapafuni, nikaiosha kwa sabuni. Habari ya kukauka sikuifikiria. Saa mbili wanawake wameshavaa, mtoto kafunikwa shali, na filta bado inachuruzika kama tambara la kudekia. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kambani nikaona kitambaa cheupe chepesi, nikadhani ni cha mtoto (mtoto mchanga ana vitambaa visivyohesabika), nikakikunja, nikakifunga kwenye mdomo wa kabureta kwa mpira wa tyubu kizuie vumbi badala ya filta, nikashusha boneti, nikawasha gari, tukaondoka.

Katikati ya safari mama mkwe akamwambia binti yake, "Shimizi yangu nyeupe sikuiona kambani. Ile yenye lesi."

Nikahisi usukani umekuwa wa moto. Hapo ningesimama, ningesema, tungecheka, yangeisha. Badala yake mdomo wangu ukajisemea, "Labda upepo, mama."

"Upepo," akarudia yeye taratibu, huku akiitazama migomba ya kando ya barabara, ambayo hata jani moja halikutikisika.

Gari lilivumilia mpaka kilima cha kanisani. Hapo likaanza kukohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika mbele ya mlango wa kanisa kabisa, waumini wako nje wanashusha mikungu ya ndizi na magunia ya maharage. Kaka wa mke wangu, anayejua magari, akaja mbio.

"Fungua boneti, shemeji."

Nikasema ni betri. Basi wanaume wanane wenye suti za Jumapili wakasukuma, wakasukuma mpaka wakalowa jasho na vumbi jekundu likawaganda, gari kimya. Nikasema labda petroli. Shemeji akachungulia tangi, petroli ipo. Nikasema tuliache lipoe.

"Shemeji, umeficha nini humo, kahawa ya magendo?"

Watu wakasikia neno magendo, wakasogea wote, hata waliokuwa ndani wakatoka. Shemeji akafungua boneti mwenyewe, akavuta. Kitu kikatoka polepole, kirefu, kimeshanyonywa nusu kooni mwa kabureta, kimepakwa weusi, na lesi yake pindoni. Akakiinua juu kwa mikono miwili ili akione vizuri.

"Waitu, jamani!" mama mmoja wa kwaya akapiga kelele. "Si ndizo zile shimizi tulizoshona pamoja akina mama?"

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mama mkwe akashuka, akaipokea shimizi, akaikunja vizuri mara nne kama iliyotoka kupigwa pasi, akaitia kikapuni. Ndipo akaniangalia.

"Kumbe huo ndio upepo," akasema, akaingia kanisani.

Ibada nzima nililala chini ya gari nikijifanya natengeneza. Mke wangu hakunisemesha mpaka Jumatano. Wiki iliyofuata nikamchukua baba mdogo tukaenda kuomba radhi, nikapiga magoti, nikasema yote. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nguo si kitu, mwanangu," akasema. "Lakini wanaume wanane walisukuma gari na wewe unajua lina nini. Hao je?"

Nikapita nyumba kwa nyumba, nyumba nane, na kila nyumba ikabidi nianze upya tangu filta, na walipocheka ikabidi nisubiri wamalize (mmoja aliniomba nisimame kidogo, akaenda kuwaita majirani). Kufika ya nane nilikuwa nausimulia mkasa bila hata kuvuta pumzi.

Siku hizi nikiharibu kitu nakisema palepale, wakati mtu wa kuambiwa bado ni mmoja.