Mashine Iliyokataa Kwamba Mimi ni Mtu

Mashine ilinikataa kwa mara ya kwanza Jumatano asubuhi, hata kahawa sijamaliza.

"Hatukuweza kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu."

Nikasema moyoni, haya, hata wewe umeona.

Maana tangu mume wangu Tauno afariki mwezi wa kwanza, nilikuwa nimekufa ganzi. Silii. Sicheki. Watu hapa Kuopio, Finland, walidhani nina moyo mgumu. Hapana jamani, ndani hamkuwa na kitu. Hata kwenda mahali nilikuwa nachelewa. Nikifika dukani wanafunga, nikifika kwenye kahawa ya wastaafu wanaosha vikombe. Nikajua ndiyo ujane huo.

Kitu kimoja tu kilibaki: zamu yetu ya sauna.

Jengo letu lina sauna moja huko chini, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, na kila nyumba ina saa yake kwa wiki. Yetu ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, tangu tuhamie tukiwa maharusi. Ndoo ya Tauno bado iko pale. Nikikaa benchi la juu, nikamwagia mawe maji, naona kama yupo pembeni yangu.

Basi kamati ya jengo ikaleta usasa wake. Zamu zote zinahamia mtandaoni. Asiyefungua akaunti mpaka Alhamisi jioni, saa yake inapewa mwingine.

Na Ijumaa jioni kwetu ni lulu. Wanaoimezea mate walikuwa wengi.

Nikaanza. Jina, sawa. Nywila, sawa. Kisha wakaleta vipicha: gusa vyenye taa za barabarani. Nikavigusa vyote.

"Muda wa jibu umekwisha. Jaribu tena."

Nikaongeza kasi. Mabasi. Ngazi. Pikipiki. Umekwisha, umekwisha, umekwisha. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikavaa miwani ya marehemu juu ya yangu. Wapi!

Sikukasirika hata. Hilo ndilo lililonitisha kidogo: naenda kupoteza kitu pekee nilichobaki nacho, na mimi natazama tu kama natazama mvua.

Alhamisi mchana nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi labda nyumba iwe inaungua. Nikagonga mlango wa jirani.

Pulkkinen anaishi juu yangu, peke yake. Nilikuwa na kinyongo naye. Mazishini hakuniambia hata pole. Aliinamisha kichwa kidogo, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Na Tauno alikuwa rafiki yake wa kuvua samaki! Lakini shida haina mwenyewe.

"Mashine inasema mimi si mtu," nikamwambia.

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Kwa nywele hizo, dada Aila, siwezi kuilaumu."

Akashuka na soksi zake. Akajaribu mwenyewe.

"Muda wa jibu umekwisha."

"Umeona? Na wewe si mtu," nikasema.

"Mimi nilishaambiwa na mke wangu zamani, kabla hajaondoka." Akafuta takataka za mtandao zilizojazana kwenye kompyuta, akajaribu tena. Ikagoma. Akakuna kidevu. Kisha akasogeza pua mpaka kwenye kona ya kioo cha kompyuta, penye saa, akaangalia na saa ya mkononi mwake.

"Dada. Hii kompyuta iko nyuma saa nzima."

"Haiwezekani. Iko sawa na ya ukutani."

Akageuka, akaangalia saa ya ukutani. Akaangalia ya jikoni. Akaangalia simu yangu ya vitufe. Zote zilisema kitu kimoja, na zote zilikuwa zinadanganya.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwisho wa mwezi wa tatu nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja, kufuata majira ya kiangazi, na humu ndani hiyo ilikuwa kazi ya Tauno. Alipanda kigoda, akazungukia saa zote, hata ya kompyuta. Hakutaka ijisogeze yenyewe. "Chuma kisinipangie saa," alikuwa akisema. Mwaka huu kigoda hakikupandwa na mtu. Sasa ni mwezi wa tano.

Pulkkinen akairekebisha. Vipicha vikaja, nikagusa madaraja. Alama ya kijani.

"Hongera," akasema. "Umerudi kuwa mtu."

Nikachagua Ijumaa, saa kumi na mbili. Ikawa yetu tena. Nilipaswa kufurahi, lakini kuna hesabu ilikuwa inanizunguka kichwani.

"Pulkkinen, zamu yako ni lini?"

Akaangalia soksi zake. "Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

Mungu wangu. Saa zangu zikisema kumi na mbili, duniani ilikuwa saa moja. Kumbe Ijumaa zote hizo nilikuwa nakalia zamu yake!

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuta kandambili zako mlangoni mwa sauna. Narudi juu."

"Na saa yangu ilikuwa tupu! Si ungeingia wewe?"

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Ile ni ya Tauno," akasema, akaenda zake.

Ijumaa nilishuka kwa saa sahihi. Nikakaa benchi la juu, nikamwagia mawe maji kwa ndoo ya Tauno, na hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mvuke umejaa, pua inachuruzika, nikamwita jina lake. Iliuma vibaya sana. Nilikuwa nimesahau kwamba kuumwa nako ni uhai.

Nilipotoka, Pulkkinen alikuwa ngazini na taulo begani. Aliona macho yangu, akajifanya hajaona.

"Nimekuachia joto," nikamwambia.

Akainamisha kichwa kidogo, kama siku ile ya mazishi.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu hukumsikia akikupa pole, usimfunge haraka kwenye kinyongo. Pengine pole yake aliirudisha nyumbani kila Ijumaa, na taulo kavu.