Nilimpima Mtoto, Sikupima Mlango

Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo vya watoto, naishi Kitengela. Mwaka mzima nilisumbuana na ofisi moja ya serikali huko Kajiado juu ya kiti cha magurudumu cha msichana asiyeweza kutembea. Mara fomu haina muhuri, mara mwenye kutia sahihi yuko kwa mkutano, mara tuanze upya. Na mtoto nilishampima miguu, mgongo, nyonga, kila mahali!

Kiti kilipotoka nilikipeleka mwenyewe hadi bomani kwao. Mlango wa nyumba yao ya udongo na samadi ulikuwa mwembamba. Kiti kikakwama. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika upana wa mlango, na mimi, mjinga, nilifuata fomu.

Nikaanza kueleza vile nitaandikia ofisi barua. Mama ya mtoto ndiye aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, kama wanawake wa huko wanavyofanya. Alinipakatisha mtoto, akachukua panga, akaanza kuukata ukuta wake.

“Daktari,” akaniuliza bila kugeuka, “hiyo barua itafika lini?”

Kiti kiliingia ndani kabla sijaandika hata neno moja la barua.