Kanda Iliyopanda Kibakwe

Kwenye sebule yangu hapa Makole, Dodoma, kuna kabati la vioo ambalo wanawake wenzangu wangelipangia sahani za wageni. Mimi nimelijaza kachero mmoja. Yumo kwenye kanda nene nyeusi za video, zile za kutumbukiza kwenye deki. Yumo kwenye sidii ambazo filamu moja imekatwa vipande viwili, na kipande cha kwanza kinaishia mtu akiwa hewani, bado hajaanguka. Yumo kwenye DVD za mtaani, filamu zake zote zimebanwa kwenye sahani moja mpaka nyuso za watu zinavunjikavunjika kama mchanga. Na yumo kwenye sanduku rasmi la rangi ya fedha aliloniletea rafiki yangu aliyekwenda kusoma ng'ambo, zuri hata naogopa kulishika na mikono yenye mafuta.

Mume wangu ni mtu wa Kondoa, mpole lakini ana ulimi. Huwaambia wageni kwamba tunaishi wanne humu ndani: yeye, mimi, mama mkwe wake, na huyo mwanamume mwenye bastola. "Na katika wote wanne," husema, "huyo ndiye anayekaa kwenye kioo." Mimi humjibu kwamba siku akijua kuruka kutoka kwenye treni, naye nitampangia rafu yake.

Anachojua, ila hasemi mbele ya wageni, ni kwamba sikusanyi kwa ajili ya macho yangu. Ninatafuta kanda moja tu. Haya mengine ni makapi ya kuitafuta hiyo moja, na makapi nayo ukiishi nayo utayapenda.

Mama yangu haoni. Macho yake yaliondoka polepole, kwa ugonjwa wa vikope wa miaka mingi na vumbi letu hili jekundu, na sasa anaijua asubuhi kwa joto la jua shavuni. Hakulalamika sana. Ila siku moja, nikimsaidia kuvaa, alishika mkono wangu akasema, "Sura ya baba yako nimeanza kuisahau. Nataka nisikie sauti yake, hata mara moja, kabla masikio nayo hayajafuata macho." Baba alikuwa amekufa zamani, na hatukuwa na sauti yake mahali popote. Siku hiyo nilienda jikoni nikalia, kisha nikaanza kuuliza habari za kanda.

Ni lazima nieleze baba alikuwa nani.

Baba alikuwa na banda la video. Lilikuwa la mabati, madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi, na kazi yake ilikuwa mchana, wakati jua la kiangazi limewafukuza watu barabarani. Ukiingia ulikuwa hauoni kitu. Halafu macho yakizoea unaona juu, kwenye bati, vijitundu vya misumari ya zamani vinavyopitisha mwanga, na kila kijitundu kimeshusha uzi wake mwembamba, na ndani ya kila uzi vumbi linapanda na kushuka bila haraka. Mimi nilikuwa mdogo, nikikaa juu ya kreti la soda, na mpaka leo nikisikia neno "sinema" sioni kwanza skrini, naona zile nyuzi za mwanga.

Baba alikaa pembeni ya televisheni akiwa na maikrofoni, akitafsiri. Kiingereza alikiokota alipokuwa akiwahudumia wageni kwenye hosteli ya misheni, kwa hiyo alikuwa nacho nusu. Nusu nyingine aliijaza mwenyewe. Bahari hakuwahi kuiona, basi kila kachero alipozama majini, baba alisema, "Sasa ameingia bwawa la Mtera." Matajiri wakikaa mezani kucheza karata, wao kwake walikuwa wanacheza bao. Adui mkubwa akijieleza kwa dakika nzima kuhusu mipango ya kuuangamiza ulimwengu, baba alimfupishia, "Anasema ana roho mbaya." Banda zima linaitikia, "Tunaona!"

Mama alikuja Makole akiwa mke kijana kutoka Mlali, akijua Kigogo tu. Alikaa nyuma mlangoni akiuza karanga, na Kiswahili chake chote alijifunzia mle gizani, kwa sauti ya mume wake. Hilo sikulijua kuwa ni jambo la ajabu mpaka nilipokua. Sokoni, mwenye nyanya akisitasita kutaja bei, mama alikuwa anamwambia kwa upole kabisa, "Sema ukweli, tunajua yote." Mbuzi wakiingia kwenye mlenda alioanika, aliwatokea kwa fimbo akisema, "Mmezingirwa!" Watu walicheka, naye hakujua wanacheka nini. Kwake hicho ndicho Kiswahili.

Sasa, mfululizo wa kachero huyu ni mrefu. Ulianza kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kila baada ya muda mwigizaji huzeeka, akawekwa mwingine, jina likabaki lile lile. Baba hakujua habari za waigizaji. Siku alipoweka kanda mpya, kachero akatokea na sura nyingine, nywele nyingine, hata kutembea kwingine, banda likanyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Huyu nani?" Baba akatazama skrini kidogo. Halafu akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya chini, "Jamani, yule wa kwanza amefariki. Huyu ni mdogo wake. Amerithi jina."

Hakuna aliyeshangaa. Katika ukoo wetu mtu akifa, siku ya kumaliza matanga ndugu yake hukalishwa kwenye kigoda, akapewa jina la marehemu, na kuanzia hapo watoto humwita baba, na waliokuwa na ugomvi na marehemu humkabili yeye. Ni jambo la kila siku. Kwa hiyo watu walielewa mara moja kwa nini maadui wale wale walikuwa wanamwinda mtu mpya, na kwa nini bosi wake alimpokea bila kumuuliza maswali. Kilichowaudhi ni kwamba wazungu hawakuonyesha msiba. "Matanga yamekaliwa lini?" mzee yule akauliza. Baba akaisimamisha kanda. Wanaume wakavua kofia, na bibi mmoja wakati wa kutoka aliacha karanga zake mezani akasema, "Poleni na msiba."

Mimi nami niliamini. Nimekuwa mtu mzima, nina duka langu la dawa, nina cheti ukutani, bado nilikuwa naamini kwamba kachero ni ukoo. Nilipofungua lile sanduku la fedha na kusoma kijitabu chake ndipo nikajua ni waigizaji tu, mmoja ameacha kazi, mwingine ameajiriwa. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Nilijisikia kama nimepigiwa simu ya msiba, na nikawakasirikia waliokiandika. Tafsiri ya baba ilikuwa bora, na nasema hivyo hadi leo.

Baba alitafsiri papo kwa papo. Maneno yake yaliishia hewani, kesho yake filamu ile ile aliisema vingine. Mara moja tu alirekodiwa: mwenye banda kutoka Kibakwe, kule milimani, alikuja akimwomba amwingizie sauti kwenye kanda moja, maana kwao hakukuwa na mtu wa kutafsiri. Mama anakumbuka siku hiyo. Filamu ilikuwa ile ile ambayo kachero alibadilika sura. Kanda ikapanda milima ya Kibakwe, na baba miaka michache baadaye akaugua kifua, akaenda. Banda likavunjwa, kanda zake zikatawanyika kwa watu.

Basi nikaanza. Nilinunua kila nakala ya filamu ile niliyoisikia, kwa sababu kanda husafiri, hukopeshwa, hubadilishwa magamba ya plastiki ya nje. Majengo sokoni wananijua, nikitokea tu wanasema, "Mama kachero, leo hatuna." Kila niliporudi na kanda, mama alikuwa ananisubiri kwenye kiti chake dirishani, kitenge kimekunjwa magotini, kama mtu anayengoja gari la mgonjwa wake. Naingiza kanda kwenye deki. Kinakuja Kiingereza. Au inakuja sauti ya kijana wa mjini anayepiga kelele kuliko bunduki. Mama anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Siye." Anasema kwa adabu, kama vile mtu huyo amekosea nyumba.

Nilikwisha kwenda Kibakwe mara moja, nikaambiwa mwenye banda alihama. Mwaka huu mteja wa dukani, mwanamke wa Mpwapwa, akaniambia mzee huyo amerudi kwao kulima maharage. Niliondoka siku ya pili. Barabara inapanda ikizunguka, ardhi nyekundu inabadilika kuwa ya kijani, na baridi inaingia polepole hata unasahau lini uliacha kutoka jasho. Nilisinzia, nikaota vijitundu vya bati.

Nilimkuta mzee anakaa barazani amejifunika shuka. Nikasema shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la baba. Aliniangalia sana.

"Sauti ile," akasema. "Watoto wangu wamekua nayo. Wakigombana utasikia, 'Anasema ana roho mbaya.'"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Akaniuliza, "Na jina lake karithi nani?"

"Hakuna, babu. Tulizaliwa wasichana watupu, na mdogo wake alitangulia."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kanda imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Nilipogusa mkoba akanizuia. "Sauti ya marehemu haiuzwi, mwanangu. Mpelekee mama yako."

Fundi wangu wa deki alisafisha kanda kwa spiriti, akairudisha kwenye gamba jipya, akaijaribu akiwa amekunja uso. "Picha imekufa," akasema. "Sauti inajitahidi."

Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni, mimi na mama. Mume wangu alisema ana kazi uani, kazi ambayo sikuiona. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukisukuma mapazia ndani na kuyavuta nje, na jua liliingia likilala sakafuni. Niliingiza kanda, nikabonyeza.

"Picha ikoje?" mama akauliza.

"Chenga tupu, mama."

"Basi leo tuko sawa, mimi na wewe."

Muziki ukaja, umepinda kidogo. Halafu mtu akakohoa karibu na maikrofoni. Mama akakamata mkono wa kiti. "Watu wa Kibakwe, mbukwa," sauti ikasalimia kwa Kigogo, "karibuni tukae," na nikajua kwamba mimi pia nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoitunza. Ilikuwa ya kijana, baba yangu alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Nyuma yake mbuzi alilia, na kuna kitu kilikuwa kinapasuka, pa, pa, bila kukoma.

Uso wa mama ulikuwa umeinuliwa juu kidogo, kuelekea kwenye chenga asizoziona, na midomo yake ilikuwa inamfuata baba, neno kwa neno, kama mtu anayesali.

Tulifika pale kachero anapobadilika sura. Milango ikafunguliwa, viatu vikatembea, na baba akasema, "Watu wa Kibakwe, poleni. Yule wa kwanza amefariki. Huyu ni mdogo wake, amerithi jina."

Ile pa, pa ikakoma. Sauti ya msichana, iliyojaa Kigogo, ikaingia kutoka mbali: "Na mke wake je?"

Mama akageuka. "Nani huyo anayemsumbua baba yako kazini?"

"Mama, ni wewe. Ulikuwa unamenya karanga."

"Mimi?" Akagusa koo lake kwa vidole. Alikuwa ameitambua sauti ya baba kwa kikohozi tu, na yake mwenyewe hakuijua.

Kwenye kanda baba alikuwa anacheka, ameacha maikrofoni, anaongea na yule msichana wa nyuma. Filamu ilikuwa ikiendelea peke yake bila kutafsiriwa. "Mke wake vipi?"

"Si sura imebadilika? Huyu mpya atamjuaje?"

Baba akaguna, kama alivyokuwa akifanya Kiingereza cha filamu kilipomshinda. Halafu akasema, "Atafumba macho. Atamjua kwa sauti."

Bunduki zikaanza kulia, magari yakapinduka, na baba akarudi kazini kwa haraka akiwaambia watu wa Kibakwe kwamba wamezingirwa. Niliinuka kusimamisha kanda nimpe mama nafasi. Akaninyooshea mkono, niache. Alikuwa amefumba macho.

"Nimekujua, baba watoto," akaiambia ile televisheni. "Endelea."