Niligawa mirathi ya santuri za baba mkwe, nikakata rock ya miaka ya sabini vipande viwili

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kwa kujificha mkiwa kazini, poleni na majukumu.

Hiki ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe. Wife amekaa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza.

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo Mtanda, hapa Lindi mjini. Muziki wangu ulikuwa taarabu na singeli, basi. Ungeniambia rock ningekuuliza ni ya kupaka wapi.

Picha linaanza baba mkwe alipofariki, kule Mchinga. Mzee wa watu, Mungu amrehemu, ujana wake alikuwa dereva wa wazungu waliokuja kupima barabara. Mmoja wao alipoondoka alimwachia gramafoni na santuri kumi na mbili. Zote rock ya miaka ya sabini, ile ya nyimbo ndefu ambayo waimbaji wanaweza wasiimbe kabisa dakika nane.

Mzee alizipenda hatari. Kila Ijumaa baada ya alasiri alikuwa anawakalisha wanawe wawili kwenye mkeka, anaweka santuri, na hakuna kuongea. Hao wanawe ni Bakari, ambaye ni shemeji yangu, analima ufuta Miteja, na mdogo wake Mwanaidi, ambaye ndiye mke wangu.

Sasa baada ya arobaini tukakaa kugawa mirathi. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, hilo linajulikana. Zikafika zile santuri. Wazee wakasema, "Hizi apewe fundi agawe, yeye ndo anajua mambo ya umeme."

Wakuu, nikajiona mtu! Majalada mchwa walishayala, na zile karatasi za katikati maandishi yalishafutika. Nikazipanga zote rundo moja nikaanza: mbili kwa Bakari, moja kwa Mwanaidi. Mbili kwa Bakari, moja kwa Mwanaidi. Nane huku, nne huku. Haki tupu, kila mtu akasema mashaallah.

Gramafoni ikaja kwetu, baiskeli ikaenda kwa Bakari.

Kilichoharibu ni mikorosho mitatu ya karibu na kisima. Kila mmoja anasema baba alimwahidi yeye. Maneno yakatoka ambayo hayarudi mdomoni, na ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakanuniana misimu miwili ya korosho. Hata Idi, hakuna simu.

Gramafoni ikakaa juu ya kabati ikila vumbi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita kazi zilikuwa chache, nikaishusha. Mkanda wake ulishakatika, nikachonga mwingine kwa tyubu ya pikipiki. Nilipoijaribu na santuri moja mara ya kwanza ilizunguka kwa kasi, jamaa akawa anaimba kama anakimbizwa na polisi. Nikapunguza, nikarekebisha, sindano nikaagiza Kariakoo.

Nikachukua santuri ya juu. Ilikuwa na namba 1 iliyoandikwa kwa peni, mwandiko wa mzee, siku ya kugawa wala sikuitilia maanani. Nikaiweka.

Wakuu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa futari, uji ukapoa mkononi.

Inaanza filimbi peke yake, polepole, unadhani mtu anajifunza. Inaingia besi chini yake. Unasubiri aimbe, haimbi. Unaanza kuzoea mdundo, wanaubadilisha! Unauzoea huo mwingine, wanaubadilisha tena, na kile kinanda chao kinalia kama kwaya ya watu wapo chumba cha pili. Kuna sehemu gitaa linaingia nikasimama bila kujua, nikagonga kichwa kwenye rafu ya spika.

Nilikuwa nacheka peke yangu. Sijui ni furaha au nini, ila nilikuwa nacheka.

Nikageuza upande wa pili. Kule ndo balaa. Vitu vyote vinajikusanya, vinapanda, ngoma zinakuja, zinakuja, zinakaribia kabisa...

Khrrr. Khrrr. Imeisha.

Wife alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi ya daku. Nikamsikia anasema, "Imeishaje? Haiishii hapo hiyo."

Akaja na mikono ina nazi. "Baba Zuu, haiishii hapo. Baba alikuwa anaitoa anaweka nyingine, ndo inaendelea. Zipo mbili hizo, ni kitu kimoja."

Nikaangalia ile namba 1. Nikaangalia zile tatu zetu zingine. Namba 2 hakuna.

"Nani aligawa?" wife akauliza, na jibu analijua.

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Nilidhani atanicheka. Badala yake akakaa chini pale pale. Akajaribu kuimba kwa mdomo pale ilipokatikia, akafika mahali akanyamaza. "Nimesahau mwisho wake," akasema. "Kuna kitu baba alikuwa anafanya pale karibu na mwisho, kila siku, tunacheka. Sikikumbuki." Machozi yakaanza kumtoka. Hakuwa analilia santuri, alikuwa anamtafuta baba yake, na mimi ndiye niliyemgawa.

Najua kuna mjuaji humu atauliza kwa nini nisiitafute mtandaoni. Nitafute nini, mkuu? Jina halipo, jalada limeliwa na mchwa. Simu niliisikilizisha kwa ile app ya kutambua nyimbo, ikaniletea kaswida.

Baada ya Idi nikapanda basi la Dar, nikashuka Miteja.

Shemeji alinipokea vizuri tu, yeye ugomvi wake ni na dada yake. Nikaletewa ubwabwa na samaki. Nikaomba maji, mke wake akaenda kwenye mtungi, akaondoa kifuniko, akachota.

Kifuniko ni santuri! Namba 2, mwandiko wa mzee!

Nikautafuna mwiba mzima mzima. Nikauliza zingine ziko wapi, nikaonyeshwa shambani. Zimetundikwa kwa kamba kwenye mtama, zinang'aa, zinafukuza ndege. Nilitaka kulia na kucheka kwa mpigo.

Nilikuwa nimebeba kawa mpya ya ukili ya kufunikia, zawadi kwa shemeji wa kike. Nikasema basi tubadilishane, kawa ikae kwenye mtungi, hiyo nipeni.

Bakari akabadilika sura. "Hiyo haitoki. Kama kakutuma yeye, mwambie mikorosho anataka, na kifuniko cha maji anataka? Hiyo ni haki yangu, uligawa mwenyewe."

Sikubishana. Nikatoa simu, nilikuwa nimerekodi ile dakika ya mwisho. Nikaiweka kwenye mkeka, nikaendelea na samaki wangu.

Muziki ukaanza kupanda. Bakari alikuwa anamenya muhogo, kisu kikasimama. Kidole kikaanza kugonga goti. Vinajikusanya, ngoma zinakuja, zinakuja...

Khrrr.

"We, malizia!"

"Sina, shemeji. Mwisho wake umefunika maji yako."

Akaweka kisu chini. Halafu akaamka, akaitoa ile santuri kwenye mtungi, akaifuta kwa kanga ya mke wake. Nikanyoosha mkono. Akaupita.

"Haiendi bila mimi," akasema.

Ijumaa iliyofuata Bakari akashuka Mtanda, kaikumbatia santuri kifuani kama kabeba mtoto wa siku tatu. Wife akatoka mlangoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Basi, imeisha. Misimu miwili, salamu moja. Mmoja akakaa ncha hii ya mkeka, mwingine ncha ile.

Nikaweka namba 1, pande zote mbili. Halafu namba 2. Mtungi ulishaipinda kidogo, sindano ikawa inapanda na kushuka, moyo wangu nao hivyo hivyo. Ila ikapiga!

Zile ngoma zilizokuwa zinakuja, wakuu, zikafika. Siwezi kuandika. Nilishika mguu wa meza.

Nikageuza upande wa mwisho. Kila kitu kikaanza kutulia, kikaisha kimoja kimoja, ikabaki filimbi. Filimbi nayo ikanyamaza. Kimya kabisa. Nikadhani imeharibika, nikainuka niangalie sindano.

Kaka na dada, kila mtu na ncha yake, wakainua kidole juu kwa pamoja.

"Sasa!"

Na ngoma zote zikalipuka.

Ndo kile alichokuwa anafanya mzee. Kila Ijumaa, kidole juu, "Sasa!", na hakuwahi kukosea.

Wife alicheka mpaka akaanguka ubavuni, analia huku anacheka. Bakari anajifuta macho na kofia, anasema, "Sauti ya mzee hiyo, Mwanaidi, umeitoa vilevile." Tukaipiga tena toka mwanzo. Nazi ya mchana ikachachia kwenye beseni, hakuna aliyejali.

Jioni Bakari akaaga. Nikajua ataacha santuri. Wapi! Kaifunga kwenye kanga, kaondoka nayo. "Haki yangu," anasema, kicheko mpaka jino la mwisho.

Wife naye hakumpa namba 1. Mikorosho mpaka leo haijazungumzwa. Ila kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi shemeji anashuka Mtanda na nusu yake, tunaunganisha. Mwezi uliopita kaja na zile za kufukuza ndege, zimekwaruzika balaa, tukasikiliza hivyo hivyo.

Nilichojifunza: kitu kirefu kisikilize mpaka mwisho, na ukiwa fundi usikubali kugawa usichokijua. Ingawa kwa hili, nikiambiwa nigawe upya, nitagawa vilevile.

Karibuni mtupe album zenu za zama hizo, za wazee wenu au za mtumba, tusikie na sisi washamba tulioingia juzi.

Na kama maelezo yangu yamekufanya uijue hii santuri, wife anaomba kitu kimoja. Andika jina tu, link usiweke. Mwisho wake tutausikia Bakari akija.