Irambona Watatu

Mwaka 2004 pale Ngara mjini tulikuwa watu wawili tu wenye kazi ya kutengeneza tovuti, na wawili hao tulikuwa hatuelewani.

Mimi ni Adelfina Bonaventura, mzaliwa wa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Nilikuwa nimetoka Mwanza na cheti cha kompyuta cha miezi tisa, na nilikuwa na mdomo. Mwenzangu aliitwa Leonidasi Nzeyimana. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mrefu, mpole, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao kabla ya vita. Kompyuta alijifunzia kambini, kwenye kitabu kimoja kilichokosa jalada na kurasa kumi za mwanzo. Mpaka leo sijui alianzaje kuelewa kitu kilichoanzia ukurasa wa kumi na moja.

Ofisi yetu ilikuwa ya shirika dogo la kanisa: chumba kimoja, jenereta nje, dishi la intaneti juu ya bati. Kazi ilikuwa kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao wakati wa kukimbia. Kila anayetafutwa au anayetafuta alikuwa na ukurasa wake kwenye tovuti: jina, baba, mama, kilima alikozaliwa, yaani kijiji kwa Warundi, mahali walipoachana. Kila Jumamosi kurasa zote zilichomwa kwenye CD na kupelekwa kambi za Kibondo, ambako intaneti ilitosha kwa barua pepe tu. Mfanyakazi mwenzetu wa huko aliwasomea watu waliofika kuuliza.

Ugomvi wetu ulihusu programu ya kuandikia kurasa. Leonidasi aliandika kwa Notepad, ile programu nyeupe isiyo na kitu, inayokuja na kila kompyuta kama chumvi inavyokuja na ugali wa hoteli. Kila alama ya ukurasa aliichapa kwa vidole vyake. Akitaka kubadilisha neno moja kwenye kurasa mia nne, alifungua kurasa mia nne. Mimi nilikuwa na programu niliyotoka nayo Mwanza kwenye CD, yenye vitufe na rangi, inayokuonyesha ukurasa kama utakavyoonekana. Juu ya yote ilikuwa na uwezo mmoja nilioupenda kuliko chakula: unaiambia itafute neno fulani kwenye mafaili yote na kuweka jingine, unabonyeza mara moja, unakwenda kunywa chai.

"Wewe bado unalima kwa jembe la mkono," nilimwambia. "Wenzako tuna trekta."

"Trekta rinarima upesi, dada," alijibu. Akisema haraka, *l* na *r* zilimchanganyikia, nami nilimcheka bila haya. "Rakini harioni maharage yaliyo katikati ya mahindi. Mwenye jembe anainama, anayaona."

"Hakuna maharage kwenye kompyuta."

"Kuna watu. Nikifungua ukurasa wa mtu, namsoma."

Tulibishana hivyo kila siku ya Mungu. Mkuu wetu, Mzee Ansbert, Mhaya nadhifu wa Bukoba aliyevaa tai hata siku za vumbi, alipita katikati yetu akisema, "Jadilianeni, lakini kazi ionekane." Nilijua anamwamini Leonidasi kuliko mimi, na iliniuma. Nimesema nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na wivu pia.

Kati ya watu waliokuja dirishani kwetu alikuwepo msichana wa miaka kumi na minne, Selestina Irambona. Alipotezana na mama yake, Ildefonsa, akiwa na miaka tisa, usiku wa kukimbia. Yeye majirani walimvusha hadi Ngara, mama alifuata kundi jingine. Selestina alitembea kutoka kambini kila Jumanne kuja kuuliza, na kila Jumanne jibu lilikuwa bado. Basi Leonidasi, asiweze kumrudisha mtoto mikono mitupu, alimfungulia ukurasa wake na kumsomea. "Selestina Irambona. Mama yake ni Ildefonsa. Kilima chake ni Nyamugari." Msichana alisikiliza akitabasamu, kama mtu anayehakikishiwa kwamba bado ana kwao. Kisha aliaga na kuondoka. Mimi niliona ni kupoteza robo saa.

Mwezi wa nane tuliambiwa wageni waliokuwa wakilisaidia shirika watafika Ijumaa. Mzee Ansbert alitaka tovuti iwe na orodha ya koo: ukibonyeza jina la ukoo, wanafamilia wote wanatokea pamoja.

"Kwetu haiwezekani, mkuu," Leonidasi alisema. "Mrundi hana jina ra ukoo. Kira mtoto anapewa jina rake. Mimi ni Nzeyimana, baba hakuwa Nzeyimana, na wadogo zangu hakuna Nzeyimana."

Nilimsikia. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikumsikia. Nilimsikia, lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kumjibu, na mtu anayetafuta la kujibu haweki kitu kichwani. Mimi ni Adelfina Bonaventura kwa sababu baba yangu ni Bonaventura, kaka zangu wote ni Bonaventura. Niliona ndivyo dunia yote ilivyo, na kwamba Leonidasi anakwepa kufungua kurasa mia nne kwa mkono.

"Mkuu, niachie mimi," nilisema. "Nitamaliza kabla ya chai."

Jumatano Leonidasi alikwenda kambini kuandikisha watu wapya. Nilibaki peke yangu na trekta langu. Majina ya pili yote niliyafanya kuwa ya ukoo, orodha ikajipanga, nikafurahi. Kisha nikaona Irambona watatu. Wa kwanza alikuwa Aron Irambona, mama yake Domisiana, wa kilima cha Kigamba. Wa pili alikuwa mtoto mdogo asiyejua kilima chake. Wa tatu alikuwa Selestina.

Ukoo mmoja, mama wawili, vilima viwili! Nilicheka kwa sauti peke yangu chumbani. Haya ndiyo matunda ya kuchapa kwa mkono, nilijisemea, fundi wa jembe kapitiwa na usingizi, kakosea mama wa watoto. Sikumwuliza. Kumwuliza kungeniharibia raha, maana nilitaka Ijumaa, mbele ya wageni, niseme kwamba programu yangu imegundua kosa ambalo Notepad ililificha. Niliiambia programu ichukue mama na kilima cha Aron, iviweke kwenye kurasa zote tatu. Nikabonyeza. Nikaenda kunywa chai, tena na chapati mbili.

Ijumaa wageni walikuja, walibonyeza, walisifu. Pongezi zilikuwa tamu kiasi kwamba lile la kumwumbua Leonidasi nililisahau. Jumamosi CD ilikwenda Kibondo, na Jumamosi iliyofuata ikaenda nyingine.

Jumanne ya wiki ya tatu Selestina alikuja. Jumanne mbili za nyuma Leonidasi alikuwa kambini, na mimi nilikuwa nimemwambia mtoto "bado" bila kuinua macho. Safari hii Leonidasi alikuwepo. Alimfungulia ukurasa kama kawaida, akaanza kusoma kabla macho hayajafika mbele.

"Selestina Irambona. Mama yake ni Domisiana..."

Msichana alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaacha.

"Huyo si mama," alisema.

Leonidasi alisogeza uso karibu na kioo. Alifungua ukurasa wa Aron, akafungua wa yule mdogo. Halafu alifanya jambo ambalo programu yangu isingemwezesha kulifanya: aliufungua ukurasa wa Selestina kwenye Notepad, ambayo haifichi kitu. Pale juu, kwenye mstari wa pili, palikuwa na jina la programu yangu. Ndiyo tabia yake, kila ukurasa inaougusa inauwekea alama hiyo, na kwa macho ya kawaida haionekani. Mimi mwenyewe sikuwa nikijua.

Alinitazama. Nilikuwa na sekunde kama tano za kuwa mtu mzuri.

"Labda ulikosea ulipokuwa unachapa," nilimwambia. "Mkono huteleza."

Alishuka chini ya ule mstari, akafuta Domisiana, akaandika Ildefonsa, akafuta Kigamba, akaandika Nyamugari, herufi moja moja. Kisha akaandika barua pepe kwa mwenzetu wa Kibondo. Selestina alikaa kwenye benchi la nje akisubiri, na jenereta ikaendelea kupiga kelele.

Jibu lilikuja mchana. Mama mmoja, Ildefonsa wa Nyamugari, alikuwa amekuja kuuliza habari za binti yake siku kumi zilizopita. Walimsomea kutoka kwenye CD: Selestina Irambona, mama Domisiana, wa Kigamba. Mama alisema, "Oya, hapana, huyo ni mtoto wa mwenzangu. Wangu hayupo." Aliulizwa kama ana uhakika, akasema Selestina ni wengi na Irambona ni wengi. Alikuwa akingojea jibu hilo tu. Kesho yake alijiandikisha kurudi Burundi, na gari lilishaondoka naye. Nyamugari hakwenda, alisema mashamba yao yana watu wengine. Hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Leonidasi alitoka nje kumwambia. Sikusikia maneno yao. Niliona kupitia dirishani amechutama mbele ya yule mtoto, mtu mrefu vile, magoti karibu yaguse masikio, na niliona mtoto amejifunika uso kwa kanga. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi.

Mzee Ansbert alituita wote wawili, barua ya Kibondo mkononi. "Nani alishika kurasa hizi?"

Chini ya kila ukurasa palikuwa na mstari mdogo: *Imetayarishwa na Leonidasi Nzeyimana*. Yeye ndiye aliyeuweka, tangu mwanzo, ili mtu akipata kosa ajue wa kumwuliza. Mzee aliutazama mstari ule, akamtazama Leonidasi, na mimi nikatazama tai ya mzee. Ilikuwa ya bluu yenye vidoti. Nikifumba macho naiona.

"Kurasa ni zangu, mkuu," Leonidasi alisema.

Hakusema uongo. Kurasa zilikuwa zake. Mzee alisubiri kidogo, kama mtu anayetaka aambiwe zaidi, na nafasi ile ilikuwa yangu, imewekwa wazi mbele yangu. Ulimi ambao ulikuwa haulali siku hiyo uligoma. Niliogopa kurudi Nyantakara na aibu, niliogopa baba, niliogopa kusemwa. Hayo ndiyo niliyoyaogopa, siku ambayo mtoto alikuwa amempoteza mama kwa mara ya pili.

Leonidasi aliambiwa aache kazi mwisho wa juma. Ijumaa alikusanya vitu vyake: kile kitabu kisicho na jalada, kikombe, daftari la vilima. Aliniachia diski yenye kurasa zote alizozipitia upya, mia nne na kitu, moja moja, kwa siku tatu.

"Dada Adelfina," alisema, "usiache kufungua ukurasa mmoja mmoja."

Nilisema, "Sawa, kaka." Ndilo neno pekee nililompa. Jumatatu alipanda gari la kurudi kwao, akavukia mpakani Kabanga.

Jumanne Selestina alikuja. Alikuwa na kifurushi kichwani na viatu mkononi, na hakwenda kwenye benchi. Alisimama dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Kaka Leonidasi yupo?"

"Ameondoka. Amerudi kwao."

Aliinamisha kichwa. "Na mimi nimejiandikisha. Naondoka kesho, nitamtafuta mama huko huko." Kisha akasema, kwa Kiswahili cha shuleni, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima, "Kaka aliniomba msamaha. Alisema kosa limetoka kwenye kazi yake. Siku ile nilikasirika, sikumjibu kitu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ananisomea. Ukimwona, mwambie nimemsamehe."

Nilitaka kusema ni mimi. Naapa neno lilifika mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama vizuri, bila kinyongo, na nilijua nikilisema hatanitazama hivyo tena.

"Nitamwambia," nilisema.

Aliniaga kwa heshima, akajitwisha kifurushi chake sawasawa, akaondoka.

Imepita miaka mingi. Bado natengeneza tovuti, sasa niko Biharamulo mjini, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu hubishana programu ipi ni bora kama tulivyobishana sisi. Wananicheka kwa sababu mimi hufungua ukurasa mmoja mmoja. Nawaacha wacheke. Kama Selestina alimpata mama yake sijui. Leonidasi nimemtafuta kwa jina lake kwenye kila tovuti ninayoijua, na Nzeyimana wanatokea maelfu. Nawafungua mmoja mmoja, nawasoma. Nina ujumbe wa Selestina wa kumpa, na wa kwangu, na kila nikifunga ukurasa usio wake, nahisi nafuu kidogo kwamba si yeye.