Jezi za Zambarau za Verlene Hruska

Verlene Hruska alikuwa na miaka sitini na mbili, goti moja lililomuuma kila theluji ilipokaribia, na funguo ishirini na tisa kiunoni. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza jezi wa Chuo cha Linden Fork, chuo cha wanafunzi mia sita na ushei katikati ya mahindi ya Nebraska. Hakuna mwanamichezo aliyepita pale bila kuliogopa dirisha lake. Ukitaka soksi mpya unarudisha za zamani, na ukirudisha moja unapewa moja.

"Ya pili iko wapi?"

"Imepotea, Bi Verlene."

"Basi na mguu wa pili umepotea. Nenda zako."

Hakuwa mchoyo. Chuo chenyewe ndicho kilikuwa hoi. Paa la ukumbi wa michezo lilivuja mahali patatu, na mvua ikinyesha tuliweka ndoo tatu uwanjani. Wasichana wetu wa mpira wa kikapu walizijua ndoo hizo kama wanavyojua vidole vyao, mpaka timu ngeni zikalalamika kwamba ndoo zinatubeba. Kila mtu alikuwa na kazi mbili au tatu. Orrin Stahl, mkurugenzi wa michezo, ndiye pia aliyewafundisha wasichana softiboli na ndiye aliyekata nyasi. Mimi nilifika pale kijana, nimelipiwa masomo ili nikimbie mbio ndefu. Nikahitimu, nikabaki kuwa kocha wa mbio na dereva wa basi. Verlene alifua, alishona, na kama timu ilikosa jezi namba nane, aliichukua namba tatu akaifunga kwa uzi.

Mwaka ninaousimulia wanafunzi wapya walikuja wachache kuliko wakati wowote, na bodi ikatangaza kwamba kufikia masika lazima mchezo mmoja ufutwe. Kila mtu alijua macho yao yako kwenye kikapu cha wasichana, maana ndio waliosafiri mbali zaidi. Mwezi wa Oktoba Orrin akatuita ofisini kwake, mimi, Verlene na kocha wa kikapu, Janelle Otte. Tulisimama, kwa sababu mashine ya kukatia nyasi iliegeshwa humo ndani tangu banda lake lilipouzwa.

"Tumepata mechi," Orrin alisema. "Chuo kikuu kimoja kikubwa, uwanja wa viti elfu kumi na tano. Wanawataka wasichana wetu Jumamosi ya pili ya Novemba. Watatulipa dola elfu kumi na nne."

"Kwa kazi gani?" Kocha Janelle akauliza.

"Kwa kazi ya kufungwa."

Janelle alikuwa amekunja mikono, na shingo yake ilianza kuwa nyekundu.

"Kufungwa kwa ngapi?" Verlene akauliza.

"Mkataba hausemi."

"Hapo angalau wametuheshimu."

Pesa hizo zingetia mafuta basi letu mpaka kiangazi, timu zote, na bodi ingekosa la kusema. Janelle akakubali huku amekunja uso. Kisha Orrin akafungua ukurasa wa nne wa mkataba na kusoma kwamba mwenyeji atavaa jezi nyeupe, na mgeni jezi za rangi iliyokoza.

"Tuna za bluu," Janelle akasema.

"Tulikuwa nazo," Verlene akasema. "Sasa ni viraka vya timu ya mieleka. Uliza aliyeniruhusu."

Orrin akatazama nje ya dirisha.

Jezi mpya zingegharimu dola elfu mbili na mia nne na kuchukua wiki sita. Sisi tulikuwa na siku kumi na sita. "Niachieni mimi," Verlene akasema, akatoka, funguo zikimlilia kiunoni.

Dukani mjini alikuta pakiti mbili tu za rangi ya bluu. Za zambarau zilikuwa thelathini, nusu bei, kwa sababu katika historia ya Linden Fork hakuna aliyewahi kuihitaji zambarau. Alinunua zote thelathini. Kitambaa cha jezi hakishiki rangi mpaka kichemshwe, na sufuria pekee ya kuenea jezi zetu nyeupe kumi na nne ilikuwa ya kanisa lake, ile ya tambi za kuku za chakula cha Jumapili. Ufunguo wa jiko la kanisa alikuwa nao. Alichemsha, akakoroga kwa gongo la softiboli, akasuuza, akaisugua ile sufuria mpaka mikono ikawaka. Hata hivyo, Jumapili tambi zilitoka na rangi ya biringanya. Mchungaji alikula bakuli mbili, akazisifu, kisha akapanda kutoa shukrani na ulimi wake wa zambarau ukawachekesha waumini wote.

Lakini jezi zilipendeza, msicheke. Zilining'inia kwenye kamba kama mavazi ya maaskofu. Verlene aliziloweka, akazikamua, akazifuta kwa kitambaa cheupe. Hazikutoa kitu. Alijaribu maji baridi na ya moto. Jasho ndilo hakulijaribu, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, yeye mwenyewe hakuwa ametokwa jasho tangu mwaka 1994.

Jumamosi ilipofika niliendesha basi kwa saa nne. Mechi ilianza mchana. Dakika ya tano tulikuwa tumefungwa kumi na tisa kwa mbili, na nahodha wetu, Maren Tvedt, binti wa wafuga nguruwe aliyekuwa na mikono mirefu kama mpini wa reki, akajifuta uso kwa jezi. Aliponyanyua kichwa, paji lote lilikuwa zambarau.

"Maren, umeumia?" Janelle akapiga kelele.

"Sijui! Nimeumia?"

Basi tena, ikawa ndiyo imeanza. Kadiri wasichana wetu walivyotoka jasho ndivyo rangi ilivyotiririka, kwapani, mapajani, kwenye soksi. Ikahamia kwenye mpira, na kutoka kwenye mpira ikahamia kwa wenyeji waliovaa nyeupe kama theluji. Faulo zote zikawa zinasomeka. Msichana mmoja wa wenyeji alimlilia mwamuzi, "Sijamgusa hata kidogo!" na mikono yake ilikuwa zambarau mpaka kwenye viwiko. Mwamuzi akamtazama mikono, akapuliza filimbi, kisha akaitazama filimbi yake. Nayo ilikuwa zambarau.

Matokeo yakiwa ishirini na saba kwa nne, mchezo ukasimamishwa. Sakafu ilikuwa na michirizi kama ubao wa watoto wa chekechea. Watu elfu nne walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega. Nilimtafuta Verlene kwa macho nikamwona amesimama mwisho wa benchi na taulo mkononi, midomo ameibana. Nimemfahamu kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwona anataka ardhi ipasuke immeze isipokuwa siku ile. Wanaume watatu waliingia na fagio za maji wakaanza kusukuma. Alivumilia kama nusu dakika.

"Mnapaka, hamfuti!" akasema. "Leteni hapa." Akapiga lile goti bovu sakafuni mbele ya watu wote, akaanza kufuta kwa mkono.

Alikuwa bado chini pale alipokuja mzee mmoja mnene mwenye kitambulisho shingoni. Alikuwa Thaddeus Mock, mkuu wa stoo ya michezo ya chuo kile, mwenye wafanyakazi kumi na mmoja chini yake.

"Nani alitia rangi hizi jezi?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Sufuria ya kanisa."

Mzee akafikiri. "Ulitia siki?"

"Nilitia."

"Na chumvi?"

"Na chumvi. Umekuja kunifundisha kazi?"

"La hasha, mama. Nilianza kazi katika chuo kidogo kuliko chenu. Sisi tulitumia beseni la kuogeshea ng'ombe." Akapiga goti naye, akashika tambara.

Thaddeus akatuazima jezi zao za mazoezi, nyekundu. Sasa, mashabiki wa kule wamezoea tangu utotoni kushangilia nyekundu. Maren alipofunga, uwanja ulilipuka kabla watu hawajakumbuka ni nani. Akafunga tena, wakashangilia tena, safari hii kwa makusudi. Alifunga mara sita mfululizo, naye hakuwahi kufunga mara sita hata kwetu kwenye ndoo. Tulifungwa tisini na sita kwa arobaini na moja. Wasichana walitoka wakipunga mikono ya zambarau kama malkia.

Verlene alikataa kurudisha jezi za watu bila kuzifua. Thaddeus akamshusha stoo, nami nikafuata kubeba. Kulikuwa na mashine za kufulia kumi na mbili, kila moja kubwa kama kibanda cha kuku. Verlene alipitisha mkono juu ya moja. Kisha akaona kwenye kona moja makontena matatu yamejaa taulo, soksi na viatu.

"Na hizi?"

"Za kutupwa. Mfadhili amebadilisha nembo."

"Zina matundu?"

"Hapana."

"Zina ukungu?"

"Hapana, nembo tu. Ni ya zamani."

Verlene akakaa juu ya ndoo. "Mwakio," akaniambia, kwa sauti ndogo kabisa, "lete basi."

Tulipakia taulo mia nne, soksi ambazo hazijavuliwa karatasi, na viatu jozi sitini na tatu. Wasichana walirudi nyumbani wamepakata mafurushi, na Janelle alikaa kwenye ngazi za basi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Chuo kikuu kilikata dola elfu mbili na mia moja kwa kusafisha sakafu na kununua jezi nyeupe mpya. Verlene alipoisikia alikwenda ofisini kwa Orrin, na kwa kuwa meza ilijaa makaratasi, aliziweka funguo zote ishirini na tisa juu ya kiti cha mashine ya nyasi.

"Zikate kwenye mshahara wangu," akasema. "Au nikateni mimi. Miaka thelathini na moja sijawahi kuwatia wale watoto aibu."

"Mshahara wako hautoshi, Verlene," Orrin akasema. "Halafu, viatu peke yake vingetugharimu elfu tano. Umeniletea mali kuliko hicho walichokata. Chukua funguo zako, zinanichania kiti."

Hakuzichukua mara moja. Alisimama akitazama ukuta, mabega yakipanda na kushuka, nasi tukajifanya tunaikagua mashine. Kisha akapenga kamasi, akazichukua.

Masika bodi ikakaa. Kikapu kilipona, na mwaka uliofuata chuo kikuu kingine kikatualika tukafungwe kwa dola elfu kumi na tano, mkataba ukiwa na kifungu kipya kwamba nguo za mgeni zisichuje. Lakini bado ilikuwa lazima mchezo mmoja ufe, na ukafa wa tenisi ya wasichana. Wachezaji tisa. Wakaambiwa Jumanne, kwa barua fupi.

Verlene alizifua nguo zao mara ya mwisho na kuzipiga pasi, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu. Kanuni ilisema kila kitu kibaki chuoni. Akawaita dirishani mmoja mmoja, akamkabidhi kila mtu jezi yake, na kwenye orodha, mbele ya kila jina, akaandika "imepotea".

"Lakini Bi Verlene," mmoja akasema huku machozi yanamtoka, "haijapotea. Hii hapa."

"Mtoto, unabishana na maandishi? Ondoka kabla Orrin hajapita."

Alifunga dirisha dakika ishirini kabla ya wakati, akaniomba nimpeleke nyumbani kwa basi kwa kuwa goti lilimsumbua. Tulipopita kando ya viwanja vya tenisi akaniambia nipunguze mwendo.

"Ule wavu ni mzima kabisa," akasema. "Kesho njoo na spana, tuutoe kabla bodi haijaukumbuka."