Nilikuwa karani wa utafiti wa meditation Kitale: hawa ndio watu ambao hatukuwaandika

Wakuu, poleni na kazi. Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita kimya kimya. Lakini juzi kuna mtu ameweka uzi ati "sayansi imethibitisha" meditation ya dini fulani inaponya presha, na comments zote ni amina, amina.

Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimekosa mara ya pili. Haya nitakayosema niliyaona kwa macho, na mengine niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Kabla hamjanirukia: mimi ni mtu wa kanisa. Meditation nimefanya na inanituliza. Sina ugomvi na kukaa kimya, bana. Ugomvi wangu ni na kitabu kimoja ambacho nilisaidia kukitengeneza.

Miaka ya 2000 mwanzo mwanzo nilikuwa nimemaliza kozi ya typing, natarmac Kitale nikitafuta kazi. Kikundi kimoja cha kidini kikakodi ukumbi mtaa wa Kibomet, hapo hapo Kitale, wakawa wanafundisha watu kukaa, kufunga macho na kurudia maneno ya sala polepole. Kiongozi wao tulimwita Mwalimu. Mtu mpole, hana makuu, hata chai alikuwa anatumiminia yeye mwenyewe.

Mwalimu alitaka research. Alitaka kitabu cha kuonyesha makanisa na maofisi kwamba hii kitu inashusha presha. Akanichukua niwe karani.

Nilifurahi sana! Nilipewa counter book, lile daftari kubwa la jalada gumu, kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na mashine ya kupima presha. Majirani wakaanza kuniita daktari. Sikuwarekebisha.

Sasa sikieni vile tulikuwa tunapima.

Mtu anafika na baiskeli amepanda kale kamlima, wengine wametoka kupalilia shamba. Anapimwa hapo mlangoni, bado anahema. Naandika. Anaingia, anakaa dakika arobaini macho yamefungwa. Akitoka napima tena. Imeshuka! Naandika, Mwalimu anatabasamu.

Si hata ungewakalisha wakisikiliza taarifa ya habari ingeshuka? Leo naona. Wakati huo sikuona, na nilikuwa nimepata B ya biology.

Mtu akiacha kuja, Mwalimu alisema nimpige mstari mwekundu. "Huyo hakuendelea, hatuwezi kumhesabu." Nikaona ni sawa. Nilikuwa napiga mistari iliyonyooka kabisa, na ruler.

Halafu siku ya mwisho. Hapa ndipo watu wa kwetu mtanielewa haraka.

Mwalimu alisimama mbele akasema, "Wale wamefaidika, wasimame tuwaandike." Jameni, ninyi mnajua vile sisi tumelelewa. Ukiambiwa usimame useme Mungu amekutendea nini, utasimama useme hujatendewa? Watu wakasimama mmoja mmoja, Bwana asifiwe, kichwa kilikuwa kinaniuma sasa hakiumi. Mimi naandika mbio.

Waliobaki wamekaa waliangalia chini. Hakuna aliyewauliza kitu. Mama Nekesa, muuza mandazi wa pale mtaani, alikuwa mmoja wao, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alinitazama, nami nikageuza ukurasa.

Kitabu kikatoka, kina jalada la kijani. Nyuma kabisa jina langu, "Mkusanyaji wa Data". Nilikipeleka nyumbani Bungoma siku hiyo hiyo nikampa mama.

Mama yangu, ambaye tunamwita Mayi, alikuwa na presha ya miaka mingi. Dawa zake alikuwa anaweka kwa kopo la majani chai juu ya kabati. Hajui kusoma sana, lakini jina langu alilitambua. Alilipitisha kidole mara mbili.

Kikundi kilipofungua tawi Bungoma, Mayi alikuwa wa kwanza kuingia. Siku ya ushuhuda akasimama, mimi mwenyewe nikiwa karani. Nilimpima akiwa ametulia, namba ikawa nzuri. Akasema presha imepona na kitabu cha mtoto wake ni shahidi. Watu wakapiga makofi.

Kitabu kilipochapishwa mara ya pili, Mayi alikuwa ndani, ukurasa wa tisa.

Hapo nyumbani nikaona kopo lina majani chai sasa. Nilijua maana yake, dawa ameacha. Sikusema kitu wakuu. Kusema ukweli nilifurahi, nikajiona nimemponya mama yangu.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja Mayi alikuwa anapukuchua mahindi na shangazi yangu, mkono wa kulia ukaachilia gunzi. Akataka kuongea, mdomo ukaenda upande.

Hospitalini nesi alimpima akauliza aliacha dawa lini na ni nani alimwambia aache. Mimi kwa ujinga wangu nikatoa kitabu kwa mfuko. Nilitaka kujitetea.

Yule nesi hakunigombeza. Alifungua, akasoma kidogo akiwa amesimama, akauliza, "Hapa mlipima watu wakifika tu ama wakiwa wamepumzika?"

Wakifika.

"Na kuna wengine mliwapima ambao walikaa tu bila hii sala?"

Hakuna.

"Na wale hawakurudi, mliwatafuta?"

Hatukuwatafuta. Akanirudishia kitabu akasema, "Basi hamkujua kitu, mdogo wangu. Mlikuwa mnatumaini tu." Aibu niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia tena.

Nilirudi Kibomet nikafungua counter book. Mistari myekundu na waliobaki wamekaa, ukiwaweka pamoja, ni wengi kuliko waliosimama. Nikaenda kwa Mama Nekesa nikamuuliza mbona hakusimama. Akacheka. "Wewe si uliniona? Kichwa kilikuwa kinazidi. Ningesimama niharibie watu siku?"

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimekasirika, nilitaka nimkute mwizi. Sikumkuta mwizi. Alimlilia Mayi machozi ya kweli, akaomba twende tukamwone.

Nikamwambia kwanza atoe ukurasa wa tisa. Akashangaa. "Lakini siku ile alisema kweli. Siku ile alikuwa mzima."

Nikamuuliza, na wale tuliowapiga mistari?

Akaniambia kitu ambacho bado nakizungusha kichwani hadi leo. Alisema, "Ukweli sisi tunao tayari. Research ni ya kuwasaidia wengine wauone."

Wakuu, hapo ndipo penye shida. Wala shida yenyewe si uongo. Mtu ameshapata jibu, halafu anatafuta karani. Na karani naye ana njaa ya jina lake kuandikwa kwa kitabu.

Kwa hivyo mtu akikuletea utafiti wa kikundi chake juu ya sala yake, usimtukane. Muulize yale maswali matatu ya nesi. Na dawa za mzazi wako usiziguse.

Niliacha ile kazi. Mayi alipona nusu. Mkono wa kulia bado hauna nguvu, dawa zimerudi kwa kopo, na kila asubuhi bado anafunga macho kwa sala yake, anasema inampa amani. Mimi simkatazi.

Kuna siku nilikuwa namlisha uji, akanishika na ule mkono mzuri. Maneno yake yanatoka polepole sasa.

"Wafula baba, huko kwa kitabu chenu, mimi bado nimepona?"

Nikamwambia, "Ndiyo Mayi. Bado."

Akacheka hadi uji ukamwagika. Mimi nilishindwa kucheka.

Sasa wale wa kusimama tumewasikia huko kwa ule uzi mwingine. Hapa nawauliza ninyi mliowahi kukaa chini mkaangalia sakafu, iwe ni dini gani, iwe ni dawa gani. Niambieni iliendaje. Counter book bado ninayo, na safari hii naandika na bluu.